Siku Tatu za Kushuka

Kisangani ni mji wa tambarare, na mtu aliyekulia hapa hana haki ya kujiita mpanda milima. Mimi nilijiita hivyo kwa miezi miwili, katika miaka ya hamsini, wakati mji wetu ulikuwa bado Stanleyville kwenye karatasi zote. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, karani katika ghala la pamba karibu na bandari. Habari ilifika kwamba huko Kivu kutakuwa na mbio za barabarani, kilomita arobaini na mbili za kupanda mlima, siku ya Jumapili ambayo barabara inafungwa kwa magari. Chama cha michezo cha mtaa wetu wa Tshopo kiliruhusiwa kutuma mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilitaka kukimbia mbio hizo kabla miguu haijanikatalia. Sikumbuki kama tangu hapo nimewahi kutaka kitu kingine kwa nguvu ile.

Shida ya kwanza ilikuwa kupata mlima. Mteremko wa maana ulikuwa mmoja tu, ule wa kwenda mtoni, upande walikokuwa wakijenga barrage, lile bwawa la umeme. Kila alfajiri kabla ya kazi niliupanda na kuushuka mara thelathini, miguu mitupu, huku nikihesabu kwa sauti ili nisijidanganye. Wanawake waliokuwa wakipeleka mihogo sokoni walinizoea.

"Papa," mmoja alinipigia kelele, "unasahau nini kule chini kila siku?"

Wenzake walicheka mpaka mabeseni yakatikisika vichwani. Nami niliendelea kupanda, nikihesabu.

Mteremko ulinichosha miguu. Karatasi zilinichosha mwili na roho. Siku zile Mwafrika hakutoka mjini hivi hivi. Ulihitaji barua ya congé, yaani likizo, kutoka kwa mkubwa wako wa kazi, kisha muhuri wa daktari, kisha kibali cha njia kutoka ofisi ya serikali, na juu ya kibali hicho waliandika siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Ukichelewa, unajieleza mbele ya polisi, na kazini unakuta mwingine amekalia kiti chako. Muuguzi alinipapasa shingo kutafuta tezi za ugonjwa wa malale, hakuona kitu, akaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na daktari alikuwa safarini. Nilirudi tena, na tena. Kila mara nilimwomba mkubwa wangu ruhusa ya saa moja, naye aliitazama saa yake ya mkononi kama vile nimemwomba jino. Kwa wiki tano nilikaa kwenye mabenchi mengi kuliko niliyokaa shuleni.

Lakini kabla ya kuomba siku, ilibidi nizijue ni ngapi. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa raha kabisa, nikiwa nimeshiba, nyumbani kwangu.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa Yanonge, mvuvi na mchuuzi wa mtoni. Kila mwezi alituletea samaki wa kukaushwa, akalala kwetu usiku mmoja au miwili. Kuja kwetu, akipanda mto, kulimchukua siku mbili za kupiga kafi. Kurudi kulimchukua siku moja, na sehemu yake alikuwa amekaa tu anavuta tumbako. Jioni moja nilimweleza safari yangu, naye akaisikiliza kama mtu wa kazi.

"Lori inaenda siku ngapi?" aliuliza.

"Batu banasema tano, papa."

"Bon. Kupanda, tano. Kushuka, tatu."

"Lakini kule hakuna mayi ya kusukuma mutu."

"Mutoto yangu," alisema, akinionea huruma, "kushuka ni kushuka."

Mke wangu, aliyezaliwa na kulelewa kwenye mto huohuo, aliitikia kwa kichwa. Nami niliitikia. Mtu asinicheke haraka. Kazini kwangu niliandika kila siku meli zinazokuja na zinazokwenda, na sikuwahi kuona meli ya kushuka ikitumia siku sawa na ya kupanda. Nyumba nzima, mji mzima, tulihesabu safari hivyo. Basi nikapanga: Jumanne naondoka, Jumamosi nafika, Jumapili nakimbia, Jumatatu hadi Jumatano narudi, Alhamisi niko mezani kwangu. Siku tisa. Mkubwa wangu alisaini huku akinung'unika, daktari akagonga muhuri, na kibali kikatoka na tarehe zangu zote mbili. Nilikibeba nyumbani ndani ya kitabu ili kisikunjwe.

Ijumaa, siku nne kabla ya kuondoka, nilikwenda kuomba nafasi kwa dereva wa lori lililoleta viazi na kabichi kutoka Kivu. Alikuwa mtu mnene mwenye usingizi, anakula ndizi akiwa amekaa juu ya tairi. Nilimwonyesha tarehe zangu. Alizisoma polepole, akacheka, kisha akaona sicheki.

"Nani alikuambia kushuka iko mbio? Ku mulima, kushuka ndiyo iko pole. Gari inajaa biazi, unatia vitesse ya kwanza, ile ya pole kabisa, unaomba Mungu. Frein ikikatala kushika tairi, tunaenda kulala bonde."

"Donc siku tatu…"

"Siku tano! Na lundi, siku ya kufuata mbio yako, huwezi kushuka. Barabara iko moja tu, nyembamba. Lundi magari inapanda, mardi inashuka. Ukitoka mardi, unafika hapa samedi."

Nilihesabu kwa vidole, mimi karani, mbele ya mla ndizi. Jumamosi. Kibali changu kilisema Jumatano.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa. Baba mkwe alikuwa Yanonge, na hata angekuwa karibu nisingethubutu. Mke wangu alisema, "Uombe siku ingine tatu." Alisema kana kwamba siku ziko sokoni, zimepangwa mafungu.

Na jambo la ajabu ni kwamba zilipatikana. Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya mkubwa wangu nimejiandaa kutukanwa. Alinisikiliza, akaniuliza mlima wenyewe una urefu gani, nikamwambia sijui. Akaandika siku tatu zaidi, akanirudishia barua. Muhuri wa daktari ulikuwa bado unafaa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: ofisi ya serikali ibadilishe tarehe ya kurudi. Mstari mmoja, Jumatatu. Lori linaondoka Jumanne.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwenye benchi, chini ya paa la mabati. Ofisi ilifunguliwa saa mbili. Kulikuwa na watu tisa mbele yangu, kisha sita, kisha watatu. Wa mbele alikuwa mzee aliyetaka kwenda kumzika dada yake Basoko. Dirishani walimrudishia karatasi zake kwa sababu barua moja ilikosa saini, naye hakubisha. Alizipanga vizuri, akashukuru, akatoka.

Nikabaki na watu wawili mbele yangu. Nakumbuka nilitazama magoti yangu na kuona kwamba yanauma. Nikafikiria siku tano juu ya magunia, kisha mlima, kisha siku tano nyingine, na nikirudi salama, nikutane tena na mabenchi haya kwa kila jambo nitakalolitaka mpaka nife. Sikukasirika. Kama ningekasirika ningebaki. Nilichoka tu, uchovu mzito wa mifupani, na mtu aliyekuwa nyuma yangu aliponiambia nisogee, nilisogea kando, nikampisha. Halafu nikampisha aliyemfuata. Halafu nikatoka nje, juani, na barua yangu imesainiwa.

Mke wangu alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Bamekatala," nilimwambia.

Mchi ulisimama kidogo. Kisha ukaendelea.

Miaka ile neno hilo halikuhitaji ushahidi. Mtaa mzima uliamini kabla sijamaliza kulisema. Baba mkwe alipokuja mwezi uliofuata aliwatukana wazungu kuanzia wa ofisi ile mpaka mfalme wao. "Siku tatu tu za kushuka!" alilalamika, akinishika bega. "Hata siku tatu bamekunyima!" Nilimwacha alalamike. Alikufa akiamini hesabu yake na uovu wao, na mimi nilisimama kaburini nikipokea pole za watu waliokumbuka mbio zangu. Nchi ilipopata uhuru nilihadithia kisa hicho kwenye vikao, na kadiri miaka ilivyokwenda yule mtu wa dirishani niliyedai amenikatalia alizidi kuwa mkali.

Mwaka jana, nikiwa namsimulia mgeni, mke wangu alinyamaza kama kawaida. Mgeni alipoondoka, alikusanya vikombe, akakaa.

"Siku ile ya ofisi ulirudi saa tatu asubuhi," alisema. "Mutu anakatazwa saa sita. Banamungojesha kwanza."

Nilimuuliza tu kwa nini miaka yote hii hakuniambia.

"Ulikuwa umechoka," alisema. "Nilifikiri utapumuzika, halafu utaniambia mwenyewe."