Mapapai ya Mishomoroni na Kopo la Maji

Nilitoka nyumbani Changamwe siku ya Alhamisi kwa sababu ya neno moja lililosemwa mezani kwa mama. Mama huuza matunda ya kukata karibu na steji ya matatu, na wengi wenu mmekula kwake. Jumatatu utingo mmoja alirudisha bakuli lake la papai, akasema mbele ya watu, "Mama Sidi, kumbe unatulisha choo!" Alikuwa amesikia kwamba mapapai yetu hutoka kwa Mama Kadzo wa Mishomoroni, na kwamba mipapai yake hutiwa mboji ya kinyesi cha watu kilichochanganywa na mabaki ya chakula. Kufika Jumatano mapapai yalikuwa yamelainika pale pale mezani. Watu walinunua nanasi, wakapita.

"Nenda ukaangalie," mama aliniambia. "Wewe ndiye uliyesomea mambo ya afya. Ukisema ni mabaya, naacha kuyachukua. Ukisema ni mazuri, nitawaambia mwanangu ameyaona."

Tangu nihitimu, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuiuliza shahada yangu swali. Nilipaswa kufurahi, lakini nilianza kuhesabu hasara. Nikisema ni mabaya, Mama Kadzo atampoteza mnunuzi aliyekuwa naye tangu mimi niko shule ya msingi. Nikisema ni mazuri nami nimekosea, watu wa steji wataharisha na jina litakalotajwa ni la mama. Niliandika maswali thelathini na moja katika daftari, nikatia mfukoni glavu na barakoa mbili, moja ya akiba.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita Makupa. Nilikuwa nimepanga kufika bila taarifa, maana anayeficha jambo hupewa nafasi ya kulificha akijua unakuja. Nikiwa Kongowea mama alipiga simu. "Nimeshamwambia Mama Kadzo uko njiani. Si adabu kumvamia mtu kwake." Nikaufuta mpango wangu wa kwanza.

Kutoka barabara kuu nilichukua pikipiki. Nilipotaja jina, dereva aligeuka. "Mama Kadzo wa choo?"

"Wa mapapai," nilisema.

"Ni huyo huyo," alijibu, akacheka hadi tukafika. Nilikiandika kicheko kile daftarini. Jambo linalojulikana na kila mtu si siri, niliwaza. Halafu nikawaza kwamba pengine kulichekea ndiyo njia bora ya kulificha.

Saa nne kasorobo nilikuwa kwenye lango la makuti. Uwanja ulikuwa umefagiwa, michirizi ya ufagio bado mibichi mchangani. Umefagiwa kwa ajili yangu, nilijiambia. Mama Kadzo alitoka na leso kiunoni, mwanamke mnene mwenye mwendo wa polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sidi wewe! Ulikuwa hivi," akaonyesha goti lake, "unalia ukimwona mbuzi. Karibu."

Aliniletea papai limekatwa tayari. Nikamwambia tumbo langu halijakaa sawa. Aliliangalia papai, akaniangalia mimi, akalifunika kwa sahani. Shemeji yake Chengo, mwanamume wa makamo, alikuwa akishusha mabaki kutoka kwenye mkokoteni: maganda ya viazi, wali uliochacha, mifupa ya samaki, yote ameyakusanya kwenye hoteli ndogo za mtaani.

"Msomi amekuja kutunusa," alisema.

"Muache, Chengo. Anuse apendapo."

Nilinusa kweli. Kulikuwa na harufu ya majivu na ya mbao, basi. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Choo kisichonuka, harufu yake imefichwa wapi?

Mama Kadzo alinieleza tukizunguka. Mishomoroni yao iko karibu na maji. Ukichimba kidogo tu, shimo linajaa. Mvua kubwa ilipokuja, choo chao cha zamani kilifurika hadi jikoni. Ndipo wakajenga hiki cha juu, chenye ngazi nne, na pipa chini ya tundu. Kila mtu akimaliza humwaga kopo la vumbi la mbao na majivu. Pipa likijaa, linamwagwa kwenye lundo pamoja na maganda na mabaki ya Chengo, na lundo hupanda moto lenyewe. Moto ukishapoa hugeuzwa, likapanda tena, kisha hufunikwa na kuachwa mwaka mzima kabla ya kufika kwenye mpapai.

"Moto gani?" niliuliza. Lilikuwa swali la tisa.

Alichomoa nondo ya chuma iliyokuwa imechomekwa katikati ya lundo. "Shika ncha hii."

Nilishika, nikaachia upesi. Ilikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni. Hata hivyo nilijiuliza kama hawakuianika juani kabla sijafika, nikaichomeka upya mwenyewe, nikakaa kwenye kigogo kuilinda. Chengo alinitazama nikilinda nondo. "Haitakimbia, dada," alisema. Baada ya robo saa niliichomoa. Ilinichoma tena.

Saa sita hivi nilibanwa. Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi, na Mama Kadzo aliona ninavyosimama. "Panda tu. Lakini sikiza: ukimaliza, sogea pale pembeni penye kokoto ndipo uchambie. Maji yasiingie tunduni. Pipa likinywa maji halipati moto, linaoza tu, na minyoo inabaki hai."

"Naam, nimeelewa."

Nilipanda. Nilihesabu nzi: wawili. Nilikagua mfuniko, nikakagua bomba la hewa, nikayatunga kichwani maelezo ya nzi wale wawili. Na nilipomaliza, mkono wangu ulifanya ulichofundishwa tangu nikiwa mtoto. Ulichukua kopo, nikachamba pale pale nilipokuwa, maji yote yakaenda chini. Niliyasikia yakitua ndani ya pipa. Kopo lilikuwa tupu mkononi.

Nilimwaga vumbi la mbao makopo matatu, kana kwamba litaficha. Nikashuka ngazi nne nikiwaza kwa kasi. Ni maji kidogo. Hakuna aliyeona. Nikisema, Chengo atanicheka mpaka nizeeke. Pale chini Chengo alikuwa amevaa buti. Pipa limejaa, alisema, analimwaga kwenye lundo mchana huu. Lundo lile lile nililolilinda. Likipoa, litakaa mwaka mzima na minyoo hai ndani yake, halafu litapelekwa kwenye mipapai, halafu kwenye bakuli za mama. Mimi nitakuwa nimeandika kwamba ni salama.

"Mama," nilisema, "nimemwaga maji tunduni. Kopo zima. Nimesahau."

Chengo alipiga makofi. "Ndiyo shahada hiyo!"

Mama Kadzo hakucheka. "Niliyasikia," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Pipa hilo lisingeingia kwenye lundo hata ungenyamaza. Lakini ungenyamaza, mapapai ya mamako ningeyapeleka mwenyewe. Nisingekuamini nikupe wewe."

Alinipeleka nyuma ya choo. Kulikuwa na mapipa mawili yaliyofunikwa, yamechorwa msalaba wa chokaa. "Haya ni ya matanga ya mume wangu. Wageni siku nne, kila mmoja na kopo lake, nani ungemkataza kwenye msiba? Mipapai haikuyaona. Yakishakaa sana yatakwenda kwenye mikilifi ya kivuli pale uani, ambayo hailiwi na mtu." Alimwambia Chengo alete lile langu. Wakaliongezea makumbi makavu ya nazi, wakalifunika, naye akanipa kipande cha chokaa. Nilichora msalaba mwenyewe.

"Jina lake pipa la Sidi," alisema Chengo. "Kila mgeni ataonyeshwa."

Nilifunga daftari. Yalikuwa yamebaki maswali kumi na manane, lakini nililotaka kujua zaidi sikuwa nimeliandika: watu hawa hufanya nini wakiharibikiwa, wakati hakuna anayewaangalia? Jibu lilikuwa limefunikwa nyuma ya choo tangu matanga, kabla simu ya mama haijapigwa. Niliketi, nikafunua sahani, nikala papai.

Saa tisa nilirudi na gunia la mapapai sita. Juu ya daraja la Nyali tumbo lilinguruma, nikajihesabia dalili zote za kipindupindu. Ilikuwa njaa.

Ijumaa asubuhi utingo yule alikuwepo. Nilimweleza kila kitu, nondo, mwaka mzima, hata kopo. Watu walicheka sana kwenye kopo. Nawaambieni na nyinyi pia: nilikwenda Mishomoroni kumtafuta mtu anayeficha uchafu, na nilikaribia kuwa yeye. Mapapai yale nimeyaona yanakotoka. Yaosheni kabla ya kukata, kama mnavyoosha kila tunda.

"Kwa hiyo wewe unakula?" utingo aliuliza.

Mama alikata papai, akanipa kipande cha kwanza mbele yao. Nilikitafuna chote. Utingo alinitazama usoni muda mrefu, kama nilivyoitazama ile nondo.

"Nipe," akamwambia mama. "Lakini lile kubwa."