Kitabu cha Pili Chenye Jalada la Kitenge

Juzi, katika duka moja la vitambaa Kariakoo, muuzaji alifungua jora jipya la kitenge, na ile harufu ya nta na rangi ikanirudisha chumbani kwetu nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amejiunga na Wamormoni, ambao pamoja na Biblia wana kitabu kingine wanachoamini ni neno la Mungu. Vyote viwili alivivika jalada la kitenge kilekile, kwa sababu bibi mzaa baba alikuja kutoka Moshi kukaa nasi mwezi mzima, na hakuwa ameambiwa lolote.

Alasiri moja bibi, ambaye macho yake yalishachoka, aliniomba nimsomee Biblia. Kati ya vile viwili, nikachukua kitabu cha juu. Sikumaliza mstari wa tatu.

"Hayo hayamo kwenye Biblia," bibi alisema. "Unasoma nini, mjukuu wangu?"

Cherehani ikanyamaza.

"Ni kitabu kingine, mama," mama alijibu. "Naamini Mungu alisema humo pia."

"Na Biblia?"

"Naiamini vilevile. Sijaiacha."

Bibi alipapasa jalada taratibu, kama anayekagua mshono.

"Malizia ukurasa," akaniambia.

Nilisoma mpaka mwisho. Bibi akanishukuru, akasema nimesoma vizuri. Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake, akahamia kwa shangazi, Ilala. Alitutembelea mara nyingi baada ya hapo, lakini kulala kwetu, hakulala tena.