Uliza Kwanza Do Yao Iko Wapi

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ya Pasaka ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikikusikia unapuliza hicho kinanda chako cha mdomo huko uani, inanirudia yote. Kaa hapo. Kiweke mfukoni kwanza, utakipuliza baadaye. Masikio yangu nayo yanataka kupumzika.

Ilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Nilikuwa nimemaliza shule, nipo tu nyumbani hapa Songea. Maduka ambayo tulizoea kuyakuta yana chumvi na viberiti yakaanza kujaa vitu: sabuni za kunukia, raba za rangi, kaseti za muziki wa kila namna. Vijana wa mtaa wetu wa Bombambili walishikwa na roki, usiseme! Kiingereza chenyewe hatukijui, lakini tuliimba hivyo hivyo, tunatafuna maneno na kufumba macho kama tunaoelewa.

Baba yangu, Mwalimu Kandidus, alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wameoa na kuolewa, nyumba nzima tumebaki wawili, yeye na mimi. Mimi ndiye niliyeshika sauti ya pili kwenye kwaya yake, na alipenda kuwaambia watu kwamba nikiugua mimi, misa nayo inaugua. Sasa mtu kama huyo, umwambie binti yake anataka kwenda kupiga roki na bendi?

Lakini Kaka Otmar alikuja kumwambia. Yeye ndiye aliyepiga gitaa na kuongoza bendi ya vijana pale Bombambili. Baada ya Pasaka walikuwa wanasafiri, waanzie Namtumbo, waende Tunduru, wafike hadi Mtwara, na alikuwa amenisikia nikipuliza kinanda cha kuazima kwenye kipaimara cha mdogo wake. Alikaa kwenye kiti chetu mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyekuja kuposa.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa ni Kwaresima. Hatatoka hapa kwenda mazoezi ya ngoma zenu. Jumatatu ya Pasaka nitakuja mwenyewe ukumbini mnakopiga. Akipiga nikaridhika, nendeni naye. Akiharibu, habari ya bendi isitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Otmar akaniachia kaseti yenye wimbo mmoja wa roki, akasema niufanyie mazoezi peke yangu na nijinunulie kinanda kinachoendana nao. Duka la mtaani kwetu lilikuwa na vinanda vya aina mbili, kimoja kimegongwa herufi C ubavuni, kingine D. Unajua kinanda cha mdomo hakibembelezwi, mwanangu. Kikishatoka kiwandani na ufunguo wake, yaani ile do yake, ndio huo huo, si kama sisi wa kwaya ambao wimbo ukiwa juu tunaushusha tukaendelea. Ukikosea kuchagua, umekosea.

Mimi nikajiona mjanja. Nikabeba radio yetu ya kaseti mpaka dukani, nikaiweka juu ya kaunta, nikaucheza ule wimbo na kujaribu vinanda vyote viwili. Mwenye duka alikunja uso hata nikamhurumia. Alikifuta kila kinanda kwa shati lake, akasema, "Dada, chagua basi, wateja wanakimbia." Cha D kilipiga kelele kama bawaba isiyo na mafuta. Cha C kiliingia kwenye wimbo, aka, utadhani kilizaliwa nao! Nikanunua C, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kwaresima nzima nilijifungia stoo, kwenye magunia ya mahindi, nikipuliza kwa sauti ya chini baba asisikie. Betri zilikuwa zimechoka tangu zamani. Nilizianika juani mchana, jioni nikaziuma meno kidogo, zikaendelea. Kila mtu alifanya hivyo, nani alikuwa na betri mpya? Yule mwimbaji wa kwenye kaseti alikuwa na sauti nzito, anajivutavuta kama mzee aliyeamshwa usingizini. Nikadhani ndivyo Wazungu wanavyoimba. Otmar alipita mara mbili kuuliza naendeleaje. Nilimjibu, "Wewe usiwe na wasiwasi na mimi." Ningeweza kumuuliza swali moja dogo tu, lakini nilijiona nimeshafika.

Pasaka ikafika. Ukumbi ulijaa tangu mchana, watoto wananing'inia madirishani. Baba alivaa suti yake ya Kaunda, akakaa benchi la mbele na soda yake. Bendi ikaanza ule wimbo, ukaonekana una haraka na uko juu kidogo, lakini moyo ulikuwa unanidunda hata sikutilia maanani. Zamu yangu ikafika. Nikapuliza.

Loh! Mwanangu, sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile, na mimi ndiye niliyekitoa. Gitaa lilikwenda huku, mimi kule. Nikadhani nimeshika upande usio wenyewe, nikageuza, ikawa mbaya zaidi. Watu wakaangua kicheko. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mtoeni huyo, arudi kwaya!" Otmar alinitazama huku anapiga, akatikisa kichwa kidogo, ishara ya kwamba niache. Nilijua safari imekufa, na imekufa mbele ya baba, ambaye hakutaka niende tangu mwanzo.

Basi nikamwona baba anainuka. Nikajua anakuja kunishika mkono anirudishe nyumbani. Alipanda jukwaani taratibu, akampita Otmar, akasimama karibu yangu na kutega sikio kama anavyofanya kanisani. Akainua mkono, bendi ikanyamaza. Na watu wakanyamaza, maana nusu ya ukumbi ule aliwahi kuwafundisha kuimba.

"Do yenu iko wapi?" akamuuliza Otmar.

"Tuko kwenye A, Mwalimu. Ndivyo kaseti inavyosema."

"Huyu yuko G. Shukeni."

"Lakini Mwalimu, tumefanya mazoezi..."

"Nimesema shukeni! Mna vidole, yeye ana kipande cha bati. Nani anaweza kusogea hapo?"

Wakashuka. Nilipopuliza tena, nikasikia kile nilichokuwa nakisikia stoo siku zote, ila sasa kilikuwa kikubwa, kina ngoma na magitaa ndani yake. Nilipiga huku nalia. Ukumbi ulilipuka, watu walipanda juu ya mabenchi. Nilipofungua macho kumtafuta baba, benchi lake lilikuwa tupu, soda imebaki nusu.

Nilimkuta nyumbani kabla jua halijazama, radio iko mapajani mwake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia bila kuniangalia. Alifungua kifuniko cha betri, akazitoa moja moja, akaona alama za meno yangu. Akaanza kucheka mpaka akafuta macho.

"Hizi ndizo zilizokudanganya," akasema. "Betri imechoka, kaseti inazunguka polepole, na wimbo wote unazama. Umechagua kinanda cha kupiga na radio mgonjwa." Kisha akaacha kucheka. "Sikukasirikii betri. Nakukasirikia wewe. Kwenye kwaya yangu, nani anafungua mdomo kabla ya kupewa do? Otmar kapita hapa mara ngapi? Kwa nini hukumuuliza?"

Nikaokota kile kifuniko cha betri, nikawa nakigeuzageuza mkononi.

Halafu akauliza, "Mnaondoka lini?"

"Ijumaa, baba."

Akazirudisha zile betri ndani ya radio, ingawa zilikuwa hazifai tena. Akasema, "Basi Jumapili sauti ya pili nitampa Ludgera. Anayumba kidogo, lakini atazoea."

Hayo tu. Mimi nikaruka kwa furaha, nikakimbilia kufua nguo za safari. Ujana, mwanangu! Ilinichukua miaka mingi, mpaka nilipokuwa na watoto wangu wanaofunga mizigo, ndipo nikaelewa kilichotokea ule mchana. Baba angeweza kunyamaza. Hakuhitaji kusema uongo wala kunikataza. Angekaa tu kwenye benchi lake na soda yake, ningeharibu mwenyewe, ningerudi nyumbani, na angebaki na binti yake na sauti yake ya pili. Ni yeye peke yake mle ukumbini aliyesikia tatizo liko wapi, na akainuka. Nikikumbuka hilo, naumia na kufurahi kwa pamoja.

Sasa sikiliza, maana najua nawe umeitwa na wenzako huko Dar. La kinanda kwanza. Ukitaka kupiga pamoja na nyimbo za roki, usichukue kinanda chenye herufi sawa na wimbo. Zile sauti za kulia-lia unazozipenda zinatoka kwa kuvuta pumzi zaidi ya kupuliza. Kwa hiyo tafuta do ya wimbo, panda re, mi, fa, na hiyo fa ndiyo herufi ya kinanda chako. Wimbo uko G, shika C. Uko A, shika D. Uko E, na hao wa magitaa wanaipenda sana E, shika A. Lakini kabla ya herufi zote hizo, waulize wenzako wanapiga wapi. Usijifungie stoo ukachagua peke yako halafu ukategemea dunia ikufuate. Kuuliza hakukupunguzii kitu.

Na la pili, ambalo ndilo nililokuitia. Ipo siku utakaa benchi la mbele, na atasimama kijana anaharibu, na kuharibu kwake kutakuwa na faida kwako. Utajua kosa liko wapi. Ukinyamaza, hakuna atakayekulaumu. Siku hiyo inuka, mwanangu, useme.

Haya, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akutangulie barabarani, akupe wenzako wenye subira na chakula cha kutosha. Akupe riziki ya mikono yako na pumzi ya kifua chako. Na siku mtoto wako atakapotaka kuondoka, akupe moyo aliompa baba yangu. Amina.