Sanduku la Verlin

Siku ya tatu baada ya kumzika mumewe, Lorna Teasdale alikuja kazini saa tatu kasoro robo kama kawaida yake, akatundika mkoba, akawasha kompyuta na kuanza kuandika habari za Jumatatu. Meza yangu na yake zinatazamana, mwaka wa kumi na sita huu. Nikamwambia, "We Lorna, una akili kweli? Nenda nyumbani."

"Nyumbani kuna nini, Maribel?"

Nikainuka, nikamletea kahawa.

Ofisi yetu iko Fort Lauderdale, dakika kumi kutoka bandarini, na biashara yetu ni kuuza safari za zile meli kubwa za starehe. Kila Jumatatu Lorna huwaandikia wateja barua: bandari ipi imefungwa kwa dhoruba, meli ipi imetoka matengenezo, kisiwa gani kimeanza kuwachosha wageni kwa foleni. Mwisho wa barua huweka mawaidha mawili ambayo hayajabadilika tangu nimjue. La kwanza, chukueni sweta, maana viyoyozi vya melini vinaweza kugandisha samaki. La pili, msibebe pasi ya nguo, ni marufuku, inaleta moto. Watu waliisoma barua ile kwa vichekesho vyake, wengine hata safari hawana. Jumatatu ile haikuwa na kichekesho hata kimoja. Tarehe zote zilikuwa sawa, majina ya meli yote sawa, na ungedhani imeandikwa na karani wa mahakama.

Na kichekesho kikubwa kuliko vyote tulikijua sisi wa ofisini. Lorna mwenyewe alisahau sweta kila safari, na mumewe alibeba pasi kila safari.

Verlin alitumikia jeshi la majini ujanani, na huko alifundishwa kwamba shati ambalo halijapigwa pasi si shati. Mzee wa watu, sabini na moja, na suruali yake ina mstari wa kukata mkate. Basi kila safari mashine ya bandarini ikaiona pasi, sanduku likazuiwa, na jina lake likatangazwa meli nzima aende chini kulifungua mbele ya ofisa, katika kile chumba ambacho mabaharia wenyewe wanakiita chumba cha watundu. Pasi inachukuliwa, anapewa risiti, anarudishiwa siku ya kushuka. Lorna alikuwa akitamani sakafu ipasuke.

"Mume wangu mimi! Mimi ninayewaandikia watu kila wiki wasibebe pasi!"

"Nani kakwambia nasoma barua zako?" Verlin anajibu.

Tabia yake ya pili ilikuwa kufunga sanduku mapema. Si siku mbili, si wiki. Miezi miwili! Siku ya mwaka mpya alikuwa keshafunga sanduku la safari ya Machi na kulisimamisha karibu na mlango. Tarehe kumi na tisa Januari alikuwa nje anaosha gari, moyo ukasimama. Jirani ndiye aliyefunga bomba.

Nilikwenda kumsaidia Lorna kuondoa vitu. Nguo za Verlin alizipeleka kanisani, viatu akampa huyo jirani, miwani akaitia kwenye droo, na katika yote hayo sikuona chozi. Alizikunja zile suruali kama mtu anayepanga bidhaa dukani. Hakuwa anajikaza. Kujikaza nakujua, mimi nimejikaza maisha yangu yote. Huyu hakuwa na kitu cha kukaza. Nje kulikuwa na ubaridi ule wa Januari, na yeye anatoka na kuingia na blauzi ya mikono mifupi.

"Vaa kitu, utaumwa."

"Sisikii baridi," akasema. "Sisikii kitu chochote, Maribel. Nimejaribu."

Tukamaliza vyote isipokuwa lile sanduku mlangoni. Nikalishika mpini.

"Hilo acha."

"Lina nguo zake, Lorna."

"Kalifunga mwenyewe, liko tayari. Kalifunga aende nalo Machi, basi litakwenda. Nikilifungua ndiyo imekwisha, hana safari tena. Unanielewa?"

Nilimwelewa, na sikupenda.

Safari ya Machi haikuwa ya kufuta. Kila mwaka Lorna huongoza kundi la wateja wetu, mwaka huu kumi na wanane, wazee watupu, nusu yao wajane, na hawaendi mahali bila yeye. Mimi nilikuwa msaidizi. Kwenye orodha chumba chake, 8114, kilikuwa na majina mawili. Nikamwambia afute la marehemu. Akanieleza taratibu kama vile mimi ndiye mteja.

"Ukifuta jina, chumba kinahesabiwa upya kama cha mtu mmoja, na unaweza kujikuta unalipa zaidi. Unaliacha. Siku ya safari mwenye jina asitokee tu. Ukifika kaunta unasema, mwenzangu hatakuja. Basi."

Maneno hayo hayo nimemsikia akiwaambia wajane wangapi kwenye simu, Mungu ndiye anajua. Ndiyo kanuni ya kazi yetu, na ni ushauri mzuri. Lakini kuna jambo nililoliona wiki zile. Neno la kifo hakuwahi kulitamka. Mteja akimuulizia Verlin, anajibu, "Hayupo." Mmoja, masikini, hakujua, akasema, "Akirudi nisalimie," na Lorna akamjibu, "Haya, nitamwambia." Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. Hakuinua hata macho.

Jumamosi ya safari nikampitia kwake. Kajipanga kibarazani na masanduku mawili, yote yana lebo za meli. Nikasoma lebo ya lile kubwa: V. Teasdale, 8114.

"Lorna! Hili linakwenda wapi?"

"Linakwenda."

"Mizigo ya mtu ambaye hayumo melini hairuhusiwi, si wewe uliyenifundisha?"

"Maribel, endesha gari."

Bandarini wachukuzi wakayabeba yote mawili, yakapotea kwenye mashine. Kaunta, binti mmoja mchangamfu akasoma kompyuta yake. "Wawili, chumba 8114. Bwana yuko wapi, mama?"

Nikamtazama Lorna. Maneno mawili tu, mwenzangu hatakuja, anayajua kuliko jina lake.

"Anakuja nyuma," akasema Lorna.

Nikamfinya mkono. Hakushtuka, ungedhani nimefinya meza. Binti akampa kadi yake moja ya kupandia, akasema bwana akifika atapewa ya kwake.

Nyuma yetu alisimama Bi Eunice Prather, miaka themanini na miwili, mjane wa miaka mitatu, mteja wetu wa zamani. Akanivuta kando. "Usimgombeze. Mimi aliniambia niseme hivyo hivyo, mwenzangu hatakuja. Nimefika hapo nikasema Wendell wangu ana homa. Homa! Na mwezi mzima kaburini."

Melini tukakaa chakula cha mchana, kundi zima meza tatu. Lorna akawahesabu watu, akajibu maswali ya kila mtu, nani anashuka wapi, nani hali chumvi. Alikaa chini kabisa ya tundu la kiyoyozi na blauzi yake ile ile ya mikono mifupi. Aliletewa supu inafuka, akainywa mfululizo mpaka mimi ndiye nikaungua kwa kumtazama. Sweta, bila shaka, kasahau.

Saa tisa kasorobo vipaza sauti vikatoa mlio. "Bwana Verlin Teasdale, chumba 8114, tafadhali fika chumba cha ukaguzi wa mizigo, ghorofa ya kwanza."

Na mzee mmoja wa kundi letu, kwa mazoea tu ya miaka yote ile, akapaza sauti, "Pasi tena!" Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka, uso ukamshuka, akaweka kijiko.

Lorna akakunja kitambaa chake vizuri, akasimama. Nikamfuata bila kuitwa.

Chumba cha watundu ni kidogo, hakina dirisha, na baridi ya humo ni ya buchani. Masanduku kama kumi yamepangwa ukutani. Ofisa ni Mfilipino, Rodel, tumemjua miaka na miaka kwenye meli hiyo hiyo. Alipomwona Lorna akafungua mikono.

"Mama! Mzee wa pasi yuko wapi? Leo tena! Nimeona lebo tu, nikawaambia vijana, huyu ni wangu."

Lorna akalitazama sanduku mezani.

Rodel akaangalia kompyuta, kicheko kikapungua. "Lakini humu inaonyesha hajapanda. Yuko huko nje bado? Maana mama, unajua sheria. Sanduku la asiyepanda linashushwa kabla ya saa kumi, haliwezi kwenda. Ngoja niwapigie mlangoni wamharakishe." Akanyanyua simu.

"Anakuja n..." akasema Lorna, akaishia hapo.

Mimi nilifungua mdomo. Nilitaka kumsemea, ningesema kwa sekunde moja tukatoka. Sijui nini kilinizuia. Labda Bi Eunice na homa yake.

"Haloo, mlangoni?" akasema Rodel. "Mnaye hapo Bwana Teasdale? Mzee mrefu, kapiga pasi vizuri..."

"Kata simu, Rodel," akasema Lorna. "Hatakuja."

"Kaahirisha?"

"Amekufa."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kusomea ratiba. Kisha akalirudia, polepole, na safari hii akawa ananiambia mimi. "Verlin amekufa, Maribel. Januari."

Rodel akaweka simu chini, akavua kofia. "Pole sana, mama. Pole. Mimi nilikuwa namsubiri."

"Sasa sanduku ni la nani?" akauliza Lorna.

"Ukisema ni lako, ni lako. Tunabadilisha lebo, linakwenda. Ila lazima lifunguliwe, na lazima ulifungue wewe."

Lorna akashika zipu, akaiachia. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika tano, na Rodel hakumharakisha. Kisha akavuta zipu, pande zote mbili, akainua kifuniko.

Mashati sita yamekunjwa kijeshi. Soksi. Dawa zake za presha za wiki nzima. Katikati kuna bunda la kijivu. Rodel akanyoosha mkono, akasita, akamwachia Lorna. Akalifungua. Ndani mna pasi, waya umezungushwa vizuri. Na bunda lenyewe lilikuwa sweta, sweta la kike, la Lorna.

"Huwa anaifungia humo," Lorna akasema. "Kila mwaka. Anasema nikikumbuka mwenyewe, pasi yake itakosa nguo."

Mimi miaka yote ile namwona na sweta melini, sikuwahi kujiuliza linatoka wapi.

Rodel akaichukua pasi, akavuta kitabu cha risiti. Kalamu ikasimama. "Niandike jina la nani, mama?"

"Lorna Teasdale. Siku ya mwisho nitakuja kuichukua mimi."

Akavaa sweta. Akafunga vifungo kuanzia chini, vidole vikakosea tundu, akafungua, akaanza upya. Nikaona mikono inatetemeka, halafu mabega, halafu meno yanagongana.

"Maribel," akasema. "Humu mna baridi."

"Ndiyo, mna baridi."

"Nasikia baridi. Jamani, nasikia baridi sana."

Nikamkumbatia, akaniegemea kwa uzito wake wote. Rodel akanyoosha mkono ukutani, akakizima kiyoyozi, lakini haikusaidia.