Niliunda kompyuta ndogo ya kupozwa kwa maji ili mzee wangu alale

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za mchana.

Hii siyo chai, ni kweli tupu. Nimeianza na kuifuta mara nyingi, leo naimwaga ilivyo. Kiswahili changu ni cha kambini, nilizaliwa kwenye kota za jeshi, kwa hiyo walimu wa sarufi mnivumilie.

Naishi Bwera, mpakani na Congo, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuedit video za harusi na mazishi. Naishi na baba yangu, sajenti mstaafu. Nyumbani sote tunamwita Afande, hata marehemu mama alimwita hivyo. Macho yake yaliisha kwa presha ya macho, na kumbukumbu nayo ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo.

Nyumba ni ndogo. Kitanda chake upande mmoja, pazia katikati, meza yangu upande wa pili.

Sasa kompyuta yangu ya zamani lilikuwa dude la feni nne, limejaa vumbi la malori ya mpakani. Likianza kurender, yaani kuitoa video iliyokamilika, linanguruma kama kinu cha kusaga mahindi.

Na kwetu ukiwa na mgonjwa ndani, watu wanakuja kumwona, wanakaa, wanaongea chini chini. Wageni wa kanisani wakawa wanaliangalia lile pazia, halafu wanaangaliana. Dada yangu Biira akaja kutoka Bugoye alikoolewa, akanisema wazi mbele yao kwamba kelele ile itamuua mzee.

Niliona aibu, wakuu. Afande mwenyewe alikuwa amelala pale pale. Wala hakuna aliyemuuliza.

Nikaamua: mashine mpya, ndogo, ya maji, isiyosikika.

Wapenda specs tulieni, nawapa kidogo. Kesi, yaani boksi la mashine, ilikuwa ndogo ya kuingia kwenye mkoba wa shule. Vitu viliagizwa Kampala, vikaja na basi hadi Kasese mjini, nikavifuata. Pampu, tangi dogo, kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, rejeta ya kupoza maji kama ile ya gari, na mipira ya kuyapitisha.

Asikudanganye mtu, kwenye kesi ndogo kila kitu kinagombania nafasi. Rejeta ilikataa kuingia kwa sababu ya power supply, kile kiboksi cha umeme, ikabidi nikate bati la kesi kwa msumeno wa chuma. Mpira ukiukunja sana unajifunga, maji hayapiti. Nilirudia kuupima hadi vidole vikachubuka.

Maji ya bomba usithubutu, yanaota ukoko ndani. Yanatakiwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, na huku kwetu hayo unayapata kwa wauza betri za magari. Nilimbana muuzaji wa Kasese kama ana uhakika siyo asidi, mpaka akakasirika, akanywa funda mbele yangu.

Nikaiwasha pampu peke yake mchana kutwa, tishu chini ya kila kiungo. Kavu kabisa. Ndipo nikaiwasha mashine yote, nikatega sikio.

Kimya. Feni moja tu kwenye rejeta, inazunguka taratibu. Nilifurahi mno, nikampigia Biira simu, naye akanibariki kama padri.

Siku zilizofuata Afande akaanza kuniita. "Bwambale?" Naitika niko, Afande. Baada ya muda tena, "Bwambale?" Nikasema hii ndiyo ile kumbukumbu inazidi kupotea. Kuna wakati nilimjibu kwa ukali, na hilo linaniuma hadi sasa.

Basi siku moja ya soko, mchana, nilikuwa nimevaa headphones, naedit harusi ya watu. Jirani yetu anayeuza mkaa akaingia mbio, akanivua headphones kichwani.

Afande alikuwa chini ya ngazi za baraza. Hana viatu, fimbo iko kule. Nyonga imevunjika.

Jirani alisema mzee alisimama mlangoni muda mrefu anaita, "Nani iko zamu?" Yeye akadhani anaongea na mimi.

Hospitali nilimuuliza alikuwa anaenda wapi. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha jeshi:

"Ile mashine yako ilikuwa inalia, mimi nalala. Najua mutu iko kwa zamu. Ikanyamaza. Mutu akinyamaza kwa zamu, iko mambo mbili: amelala ama amekufa. Nikaenda kuangalia wewe."

Nilitoka nje, nikalia kwenye ukuta wa hospitali.

Aliyekulia kota atanielewa. Usiku pale unalala kwa sababu unasikia buti za mlinzi. Buti zikinyamaza, nyumba nzima inaamka, hata watoto. Mimi na Biira tumekulia humo. Watu wote wangeweza kusahau hilo, siyo sisi wawili.

Tulimrudisha nyumbani, hasimami tena, na akili ilishuka haraka. Nikazitoa zile feni nne kwenye dude la zamani, nikazifunga mezani, nikaziwasha zote zingurume. Wageni wakaanza tena kuangaliana. Safari hii sikujali.

Afande akasikiliza kidogo, akasema, "Hiyo ni feni. Mutu iko wapi?"

Nikafungua pazia, nikamshika mkono, nikasema niko hapa, Afande, ni mimi Bwambale. Akaupapasa mkono wangu, akaniambia asante, halafu akaniachia kama unavyomwachia mgeni.

Funzo langu ni hili. Mgonjwa wako usimtafutie utulivu unaoutaka wewe na wageni wako. Muulize yeye, hata kama mnadhani akili imekwenda. Mimi nilipima kila mpira na kila kiungo, mwenye kitanda sikumuuliza.

Mashine yenyewe inafanya kazi vizuri, haijavuja hata tone. Anayetaka maelezo ya kuiunda aniulize tu hapo chini.

Ila nina swali kwa mliowahi kuuguza wazee. Kila asubuhi nikimwosha ananisimulia habari za kijana wake Bwambale, mtu wa kompyuta, mtoto mzuri, aliyeondoka bila kuaga. Jana nikamuuliza alienda wapi. Akasema alivuka kwenda Congo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa huruma, nikimwona nimwambie arudi nyumbani, yeye hajamkasirikia.

Nimjibu nini, wakuu?