Wavu Uliolowekwa

Ilikuwa sauti ya kitambaa kipya kinachochanika. Mama Pindo alikuwa ndiyo kwanza ameinua cherehani yake kuiweka mezani. Akaishusha, akapapasa gauni lake mbele na nyuma. Zima. Akakagua pazia, akakagua hata mashuka. Zilipita siku mbili ndipo akajua kwamba kilichochanika ni yeye: uvimbe juu ya kitovu, kama ngumi ya mtoto inayosukuma pazia.

Ngiri, daktari alisema, akamtia kiraka tumboni, wavu wa plastiki mwembamba kama chandarua. Kiraka hakikuhitaji maelezo kwa fundi aliyeshona nguo miaka thelathini. Ila mwili wake uliukataa. Uliuzungushia kovu, ukaukunja na kuukaza mpaka ukawa mgumu kama kola iliyotiwa wanga. Ukatolewa, ngiri ikarudi, na sasa hawezi kuikalia cherehani zaidi ya nusu saa.

Leo anatakiwa atie sahihi ya kukubali wavu wa pili, au akatae. Huu si kama ule. Wiki tatu zilizopita walimtoa kipande cha mafuta, kidogo kama kifungo, wakazikuza seli zake maabara na kuzipandikiza juu ya wavu, ili mwili usiuone mgeni. Seli hazingoji, mwisho ni kesho.

"Nikikataa mnazipeleka wapi?" alimuuliza dada wa maabara.

"Tunazitupa, mama."

"Mnanitupa."

"Si wewe, mama. Ni seli zako."

"Na mimi ni nani, kama si hizo?"

Bintiye, aliyemsindikiza, aliangalia dirishani akijizuia kucheka.

Dada akafungua kabati la joto, akatoa kisahani chenye wavu ndani ya maji ya rangi ya waridi.

"Humo zinakula nini?"

"Sukari kidogo, na virutubisho."

"Daktari kanikatalia sukari mwaka wa nne huu. Kumbe mwenzangu yuko huku anakunywa."

Safari hii bintiye alicheka waziwazi.

Dada akakiweka chini ya hadubini, Mama Pindo akaiinamia. "Naziona. Nyeusi, ndefu, zinapepea."

"Hizo ni kope zako, mama. Sogea nyuma kidogo."

Akasogea. Nyuzi za wavu zikajitokeza, nene kama kamba, na juu yake vitu vyembamba vimejinyoosha kwa safu, kama bandi, zile nyuzi za muda anazotanguliza kabla ya kushona. Hakuzishona yeye. Hakuwapo hata siku moja zilipokuwa zikijipanga. Alijishika tumbo, kisha akatazama tena. Hakujua amsalimie nani.

"Na huu, mwili utaukubali?"

"Kwa wanyama umekubalika. Kwa watu ndiyo tunajaribu. Siwezi kukuahidi."

Mama Pindo akauliza swali ambalo huwauliza wanafunzi wake kabla hawajashika mkasi, kwa sababu kitambaa kisichotiwa maji kwanza hujikunja baadaye, kikiwa tayari mwilini mwa mteja.

"Huu mmeuloweka?"

Dada alifikiri. "Uko majini wiki mbili, pamoja na seli zako."

"Na ule wa kwanza?"

"Ule ulitolewa kwenye pakiti, ukaingia vilevile."

"Mkavu?"

"Mkavu, mama."

Mama Pindo alimgeukia bintiye kama mtu aliyeibiwa. "Mkavu," alirudia. Mengine yote bado yalimvuruga: jinsi mtu anavyoweza kuwa kabatini na kwenye kiti kwa wakati mmoja, na kama kesho akirudishwa atakuwa amerudi au ameongezeka. Lakini hilo moja alilielewa. Akaomba kalamu, akatia sahihi, akaikagua kama anavyokagua pindo.

"Umeelewa lakini, mama?" bintiye aliuliza.

"Nusu."

Dada alipokuwa akikirudisha kisahani kabatini, Mama Pindo alimzuia kwa mkono. Akainama, kama alivyokuwa akimwinamia bintiye alipokuwa mdogo, mlangoni pa watu, wakienda kutembea ugenini, akimweka sawa kola.

"Usiniaibishe," akakinong'oneza kisahani.