Justa na Manju wa Mbula

Kwetu Usukumani mtu akiipenda ngoma kupita kiasi, kwanza hutazamwa amevaa nini. Akiwa na suruali, huyo ni mpenzi wa ngoma. Akiwa na kitenge, huyo ana jambo na manju.

Masalu wa Ngokolo, kwa mfano, alikuwa mpenzi wa ngoma. Mwaka juzi alimfuata Theonest, manju, yaani kiongozi na mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Mbula, kijiji kwa kijiji, ng'ombe wake wakabaki wakila pamba ya jirani. Manju akiimba, Masalu alivua shati akalia machozi. Watu wakasema mwanaume huyu ana moyo. Mkewe Justa, muuza dagaa, aliyezijua nyimbo za Mbula tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, alipiga kigelegele kimoja tu. Kesho yake soko zima lilikuwa likimwonea huruma Masalu.

Basi safari hii, Mbula walipopangiwa kushindana na mahasimu wao Limi, mwenyekiti Mzee Magesa akaagiza wanawake wakae nyumbani ili heshima ya kikundi ilindwe. Justa alilia kwa hasira. Siku hiyo alikuwa akiingoja tangu masika, na aliyeliitikia katazo wa kwanza ni mumewe.

Tatizo ni kwamba ngoma zetu hazina magoli. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Hesabu hiyo ndogo wazee wetu wenye busara waliisahau. Jua lilipopinda, Limi walikuwa wamezungukwa na kina mama, watoto migongoni, vumbi hadi kwenye kope. Theonest alizungukwa na waheshimiwa wachache waliokunja mikono.

Masalu akapiga simu. "Mama Juliana, njoo upesi! Waite na wenzako, tunaumbuka!"

Justa akaja nao, msururu mzima wa vitenge, lakini akasimama katikati ya uwanja, kati ya duara na duara.

"Baba Juliana, sisi hapa tumemfuata nani?"

"Mayo, mama yangu! Ingieni kwanza, tutaongea nyumbani."

"Limi nao wanatukaribisha."

Masalu akatazama vumbi la Limi likizidi kupanda. "Mmefuata ngoma!" akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia.

"Shikamoo, Mzee Magesa. Na wewe unasemaje?"

Mzee Magesa alisahau hata kuitikia marahaba. "Ngoma," akasema, kwa uso wa mtu anayemeza mwarobaini.

Ndipo wakaingia, na vigelegele vikapaa mpaka waliokuwa kwa Limi wakaanza kuhama. Mbula wakashinda. Justa aliimba wimbo mzima amefumba macho, kama alivyoimba siku zote, maana sura ya Theonest, Mungu atusamehe, si ya kutazamwa kutwa. Wanaume hawakuwahi kuligundua hilo. Macho yao yote yalikuwa kwa manju.